Dirisha la Thelathini na Tisa

Nje nimehesabu thelathini na tisa.
Ndani, thelathini na nane.
Nimerudia mara tatu, penseli sikioni,
mvua ya Machi ikinidonoa kisogo,
na jumba la Ashelcote likinitazama
kama mdeni ajuaye hesabu kumshinda mdai wake.

Lilianza na kondoo.
Tancred Verrinder, muuza sufu,
alikinunua kilima kwa bei ya kutupa
watawa walipokwisha kufukuzwa,
akajenga kwa mawe ya kanisa lao.
Hata leo, jikoni, malaika asiye na kichwa
amebeba rafu ya masufuria.

Mjukuu akaongeza ngazi.
Kitukuu akaongeza deni.
Kisha ikaja sukari:
bawa zima la mashariki, nguzo nane,
dari ya plasta iliyojaa zabibu zisizoiva,
vyote vimesimama juu ya miwa ya Antigua
na juu ya watu ambao daftari la nyumba
limewaandika ukurasa mmoja na nyumbu.
*Phibba, mguu mbaya.* Mstari mmoja, basi.
Hakuna Verrinder aliyepata kumwona.
Walionja tu, wakasema chai imekolea.

Mfalme alipotoza kodi madirisha,
Sir Jocelyn, mwenye mbwa ishirini na wanne,
kila mbwa na jina lake la Kirumi,
alisimama uani na mwashi, akanyosha fimbo:
lile kule juu, kwa wajakazi.
"Hao hulala tu. Usingizi hauhitaji mwanga."
Wakaliziba kwa matofali,
na nje wakachora vioo vya uongo,
rangi nyeusi, mistari myeupe,
ili uso wa nyumba usionekane na chongo.

Kodi ilifutwa. Matofali yakabaki.
Nani angekumbuka?
Piers na Aubrey walikwenda Ufaransa,
wakarudi majina mawili kwenye shaba kanisani.
Sebuleni pakawa na vitanda vya majeruhi,
baadaye shule ya wavulana waliochonga madawati,
baadaye risasi ya paa iliuzwa kwa ratili,
na Bi Honoria, wa mwisho, akahamia chumba kimoja
na jiko la mafuta ya taa na redio,
akivaa koti la manyoya kitandani
huku mvua ikimwagika ngazini, daraja baada ya daraja,
kama mgeni mwenye adabu.

Sasa mwenye nyumba ni daktari wa meno kutoka Leicester.
Anataka bafu kule juu. Anataka mwanga.
Nyumba njema si mlango, walisema waliosema;
mimi fundi vioo, naongeza: wala si madirisha
unayoyaona ukiwa barabarani.

Nikapanda na nyundo na patasi.
Nikabandua karatasi ya ukutani, tabaka tano,
ya mwisho maua ya bluu yaliyooza.
Na pale, juu ya plasta, kwa makaa ya jiko,
mtu alikuwa amechora dirisha.
Fremu. Vioo sita. Kitasa, hata kitasa.
Ndani yake kilima, njia, mbuzi mmoja.
Pembeni: *T. Gudge, 1834.*

Nikashuka kwenye daftari la mishahara.
*Thirza Gudge, wa Cornwall, pauni nne kwa mwaka.
Amekatwa shilingi: bakuli.*

Nikaegemeza ngazi nje, nikapanda
hadi nikawa mgongo kwa mgongo na mchoro wake,
nikatazama alichopaswa kuona:
zizi, mialoni, barabara ya Oakham.
Hakuna mbuzi. Na nyuma ya kilima chake
kulikuwa na mstari mmoja mrefu, ulionyooka,
ambao nilidhani mkono ulimteleza.
Ilikuwa bahari.

Daktari amepiga simu mara mbili.
Anauliza kama matofali ni magumu.
Nimemjibu ndiyo, magumu sana.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyundo magotini.
Kwenye karatasi yangu, safu ya *ndani*,
nikafuta nane,
nikaandika tisa.